Meneja anataka kununua nyimbo zangu mbili kwa sh. 1,200,000 na nisiziimbe tena. Naomba ushauri

Fundi wa Kihesa

Wakuu, habari za jioni. Naandika kutoka Iringa, Kihesa. Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili, na nimekuwa natunga nyimbo tangu nikiwa kwaya ya vijana. Gitaa langu nililinunua 2014 kwa mwanafunzi wa chuo aliyekuwa anamaliza na kurudi kwao, sh. 90,000, likiwa na nyuzi nne. Mbili nilimalizia mwenyewe.

Naimba kwenye harusi na sendofu, Iringa mjini, Ilula, mara nyingine mpaka Mafinga. Nalipwa 50,000, nikibahatika 70,000 na nauli. Nina nyimbo tatu nilizorekodi studio na zaidi ya ishirini zilizo kwenye daftari. Redio moja ya hapa mjini ilishawahi kupiga wimbo wangu asubuhi kwa karibu mwezi mzima. Sikupata kitu, lakini wateja wa nguo waliongezeka, maana walikuwa wanakuja kuona kama kweli ni mimi.

Sasa mwezi uliopita niliimba kwenye sendofu Mafinga, mtu akanirekodi kwa simu, kipande kikazunguka WhatsApp. Wiki iliyofuata nikapigiwa na kaka mmoja wa Dar es Salaam, anasema ni meneja wa msanii wa kike anayekuja vizuri. Aliongea kwa heshima, siwezi kumsema vibaya. Anataka nyimbo zangu mbili.

Wa kwanza nilimtungia kaka yangu aliyekuwa utingo wa malori ya Tunduma. Kila akiuteremka mlima Kitonga alikuwa akifika Ruaha Mbuyuni anampigia mama simu kwamba wameshuka salama, na mama alikuwa hapiki mpaka simu ile iingie. Wa pili ni wa mama mwenyewe, alivyokuwa akiuza nyanya barabarani pale Ilula. Basi likisimama anakimbilia dirishani na beseni kichwani, na kabla hajataja bei anasema "Kamwene!", salamu yetu ya Kihehe. Kiitikio kizima kimejengwa juu ya hiyo Kamwene.

Ametuma mkataba wa kurasa mbili, Kiingereza kitupu. Mwalimu jirani yangu amenisomea. Kwa nilivyoelewa: natoa haki zote za nyimbo hizo, dunia nzima, muda wote. Mtunzi atakayeandikwa ni huyo msanii. Mimi siruhusiwi kuziimba tena mahali popote bila ruhusa yao ya maandishi. Na kwa mdomo ameniambia hiyo Kamwene wataitoa, wataweka neno ambalo "kila mtu analielewa".

Malipo ni sh. 1,200,000 kwa zote mbili, mara moja, kwa simu, siku nikisaini.

Januari mtoto wangu wa kwanza anaingia kidato cha kwanza. Sare, godoro, sanduku, michango. Mnajua wenyewe. Hiyo hela kwa mashine yangu naisaka miezi mitano. Nisaini au nisisaini? Naomba mnisaidie kwa upendo, maana usiku silali.

---

Mtafutaji 255

Dada yangu, mimi nasema chukua hela. Una nyimbo ishirini kwenye daftari, utatunga nyingine. Nimewaona wengi wamekaa na nyimbo zao nzuri mpaka wamezeeka nazo. Mtoto akianza shule vizuri hiyo ni faida inayoonekana. Mungu akuongoze.

---

Gitaa la Zamani

Binti yangu, shikamoo zangu wapelekee wakubwa wa hapo nyumbani, hasa mama kama bado yupo. Niko Mbeya, Nzovwe. Miaka yangu ni 61. Nimesoma habari yako mara mbili, nikaenda nje kuota jua kidogo, nikarudi kuandika. Nitakueleza yangu jinsi ilivyokuwa, kisha uamue mwenyewe.

Miaka ya tisini nilikuwa napiga gitaa la solo kwenye bendi yetu hapa Mbeya. Wikiendi tulipiga Mwanjelwa, sikukuu tunakwenda Tukuyu na Kyela. Nikatunga wimbo kuhusu treni ya TAZARA. Nilimtungia msichana aliyepanda pale stesheni ya Iyunga akaenda Kapiri Mposhi, Zambia, kwa shangazi yake na hakurudi. Watu waliupenda kuliko kitu chochote tulichowahi kupiga. Wakati huo ukitaka kurekodi ni Dar es Salaam, huku kwetu hakukuwa na studio ya maana. Basi 1997 tukapanda treni hiyo hiyo, watu watano na magitaa yetu, daraja la tatu, tukalala njiani.

Tulirekodi nyimbo tano kwa siku moja na nusu. Wimbo wangu ulikuwa na beti tatu. Fundi mitambo akasema ni mrefu, upande A wa kaseti hautoshi, tukakata ubeti wa tatu. Baada ya hapo tukapelekwa kwa msambazaji. Akatuwekea karatasi moja mezani. Nilisoma "malipo kamili" na nikaona tarakimu 250,000. Vingine sikuvisoma. Nakala sikupewa, na sikujua kwamba nakala inadaiwa.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Sitakudanganya kwamba hela ile ilipotea bure. Nilirudi Mbeya nikanunua bati na saruji, nikaezeka nyumba ya vyumba viwili. Bati zile ndizo ziko juu ya kichwa changu ninapoandika, mvua ya jana imezipiga usiku kucha. Huyo aliyekuambia chukua hela amesema jambo la kweli kuhusu mtoto na shule, usimchukie.

Lakini kaseti ilitoka. Nikaisikia Kabwe kwenye daladala. Nikaikuta kwenye vibanda vya Mwanjelwa kabla soko halijaungua, nikaikuta Tunduma, nikavuka Nakonde upande wa Zambia nikaikuta na huko. Kwenye karatasi ya kaseti jina langu halimo. Kuna jina la bendi, na chini yake "utunzi: wote". Nilinunua nakala mbili za wimbo wangu mwenyewe kwa hela yangu.

2003 nikasikia kuna COSOTA, chombo cha hakimiliki cha nchi, kile kilichotokana na Sheria ya Hakimiliki ya 1999. Nikafunga safari mpaka Dar. Walinipokea vizuri. Wakaniuliza: una mkataba? Sina. Una daftari la maneno yenye tarehe? Lilioza. Una rekodi yoyote ya zamani kabla ya kaseti, hata ya mazoezi? Sina. Nikarudi na basi, na nakumbuka pale Kitonga, unapopaimba wewe, tulikaa saa mbili kwa sababu lori lilikuwa limelala barabarani, nikawa nalihesabu kosa langu.

Kosa lenyewe ni hili. Nilidhani nauza kaseti. Ningeuza kaseti tu nisingelia. Nilichouza ni wimbo, na nilikuwa sijui kwamba hivyo ni vitu viwili. Kuna wimbo, maana yake maneno na tuni, ambao hata usiporekodiwa kabisa ni mali yako. Na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa siku ile na wapigaji wale. Wimbo mmoja unaweza kurekodiwa mara hamsini na watu hamsini, kila mmoja akawa na rekodi yake, na mtunzi akabaki wewe. Kwa sheria yetu hakimiliki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Yaani hata mjukuu wako anaweza kulipwa kwa nyanya za bibi yake mzaa bibi.

Huyo kaka wa Dar anaweza kupata anachohitaji bila kuchukua wimbo. Mpe ruhusa msanii wake aurekodi. Wewe ubaki mtunzi.

---

Fundi wa Kihesa

Mzee wangu, shikamoo. Mama yupo, amezeeka lakini yupo, na nimemsomea maneno yako. Aliposikia bibi mzaa bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

Kaka hayupo. Hakufa Kitonga, alikufa kwa homa tu, nyumbani. Ndiyo maana ule wimbo siwezi kuambiwa nisiuimbe. Mkataba ukisema hivyo, hata mama akiniomba jioni niuimbe nitakuwa naiba?

---

Prodyuza wa Mafiati

Dada, jikoni kwako hakuna atakayekukamata. Ila harusini ambako unalipwa wanaweza kukusumbua, na ukiuweka YouTube wanaweza kuushusha. Kwa hiyo kifungu hicho ni cha kukata kabisa, wala usikibembeleze.

Mimi nina studio ndogo Mafiati, Mbeya, mwaka wa kumi na moja huu. Mzee amemaliza mambo makubwa, naongezea ya ufundi.

Kwanza, leo hii, kabla hujamjibu huyo meneja, washa simu ujirekodi ukiimba nyimbo zote mbili mwanzo mwisho na gitaa. Jitumie kwa barua pepe, usiifute. Piga picha kurasa za daftari. Hakimiliki inaanza pale unapotunga, haisubiri cheti. Lakini siku ya ubishi anayeulizwa ushahidi ni wewe, kama alivyoulizwa mzee. Halafu zisajili COSOTA. Tangu sheria ilipobadilishwa 2022 COSOTA ni ofisi ya hakimiliki, inasajili kazi na kusimamia, na ukusanyaji wa mirabaha, yaani malipo ya mtunzi kazi yake inapotumika, umeachiwa makampuni yenye leseni. Kusajili si gharama ya kukutisha.

Pili, jina. Sheria inampa mtunzi haki ya kutajwa, na haki ya kukataa kazi yake kupotoshwa. Kwa hiyo "mtunzi ataandikwa msanii" ni kitu cha kukataa kwa sauti ya kawaida kabisa, bila ugomvi. Kila wimbo unaopandishwa mtandaoni unajazwa fomu: mwimbaji nani, mtunzi nani, prodyuza nani. Rekodi inapewa namba yake ya utambulisho, ISRC, herufi na tarakimu 12. Jina lako lisipoingia siku hiyo ya kujaza fomu, kulirudisha baadaye ni kazi ya miezi. Nimewahi kumhangaikia kijana wa Uyole kwa jambo hilo hilo mwaka mzima.

Tatu, hela. Hapa nataka niwe mkweli ili usije ukakataa 1,200,000 ukitegemea utajiri. Mwanzoni mwa 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya milioni 312 kwa wasanii zaidi ya 1,000. Gawanya mwenyewe, wastani haufiki 300,000 kwa mtu, na wengi walipata chini ya hapo kwa sababu wachache wanapigwa sana. YouTube nayo, kwa video za kawaida, ili uanze kulipwa matangazo unatakiwa uwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, na hela haitumwi mpaka ifike dola 100. Msanii wa harusi Iringa peke yake anaweza kuchukua miaka kufika hapo.

Kwa hiyo hela ya mkononi ni muhimu. Ningekuwa wewe ningemwambia hivi: nakupa ruhusa ya kurekodi wimbo mmoja, ule wa Kitonga, kwa msanii wako tu, miaka mitano. Unilipe laki sita ya kuanzia. Mimi ni mtunzi, naandikwa mtunzi kila mahali. Kwenye mapato ya utunzi nabaki na sehemu yangu, tukubaliane asilimia na iandikwe. Rekodi ni yenu, nyie mmeigharamia, siiulizi. Mimi naendelea kuimba wimbo wangu.

Hiyo ni biashara ya kawaida kabisa. Akikasirika kwa maneno hayo, basi alikuwa hataki wimbo, alikuwa anataka kukuondoa kwenye wimbo.

Na usione aibu kubishana kuhusu karatasi. Rayvanny ni mtoto wa hapa hapa Mbeya. Alifungua lebo yake 2021, akaondoka WCB, lebo ya Diamond Platnumz, 2022, na mambo ya mikataba yalikuwa makubwa hata kwa mtu wa kiwango chake. Sugu naye amekulia Mbeya, na kabla ya ubunge na baada yake amekuwa akizungumzia haki za wasanii waziwazi. Kuuliza mkataba unasema nini ni sehemu ya kazi kama kukaza nyuzi.

Mkataba uandikwe Kiswahili pia, kila mtu abaki na nakala yenye sahihi mbili. Mzee ameshakuonyesha bei ya kukosa nakala.

---

Mwalimu wa Kwaya Tukuyu

Dada, naongeza dogo. Usikubali kusaini kwa sababu mwalimu jirani amekusomea. Kiingereza cha mikataba ni kingine. Hapo Iringa mawakili wapo, na kama hela ni tatizo, tafuta wasaidizi wa kisheria wa wilaya yako, wanatambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 na huduma yao hailipiwi. Wakuelekeze kwa wakili.

Na hiyo Kamwene usiitoe. Mimi ni Mnyakyusa, si neno letu, lakini nimelisikia dirishani pale Ilula tangu naenda chuo Dar. Mtu yeyote aliyewahi kupita barabara ile anajua ni nani anamsalimu na amebeba nini. Salamu yenyewe ni ya Wahehe wote, huwezi kuimiliki wewe wala huyo meneja. Lakini kiitikio ulichokijenga juu yake ni chako.

Kwaya yetu iliimba wimbo wa mama mmoja miaka sita, tukautoa kwenye albamu, na jina lake hatukuliweka kwa sababu hatukufikiria. Alikuwa anakaa benchi la tatu akiimba alto. Hakusema kitu. Tulimwomba radhi mwaka jana na sasa tumeandika jina lake, na nilipomwonyesha aliishika simu ile muda mrefu bila kusema. Ndiyo maana nimeandika hapa.

---

Fundi wa Kihesa

Wapendwa, narudi na mrejesho. Zimepita siku kumi na saba.

Nilijirekodi usiku ule ule, watoto wamelala, mama amekaa kwenye kigoda anapiga makofi ya taratibu. Sauti ya makofi yake imo. Nikapiga picha daftari. Wakili nimempata Miyomboni, dada kijana. Alisoma kurasa zile mbili akanitoza 30,000, na 30,000 hiyo nimemlipa nusu kwa hela na nusu kwa kumshonea sketi.

Nilimpigia yule kaka wa Dar mchana, sauti ikinitetemeka, karatasi ya maneno ya prodyuza nimeishika mkononi nasoma. Nilidhani atakata. Alinyamaza, kisha akaniuliza ni nani ananishauri. Nikamwambia ni watu wa nyumbani. Akasema atazungumza na wenzake. Siku nne kimya. Siku ya tano akanitumia mkataba mpya, ukurasa mmoja na nusu, safari hii Kiswahili.

Wimbo ni mmoja, wa Kitonga. Ruhusa ya kurekodi ni miaka mitano. Mtunzi ni mimi. Mapato ya utunzi mimi asilimia 70, wao 30 kwa sababu msanii amebadilisha mistari ya ubeti wa pili, na nimesoma mabadiliko yake, ni mazuri kusema kweli, ameweka taa za malori usiku jambo ambalo mimi sikuliona. Malipo ya kuanzia amekataa laki sita, amesimama kwenye 450,000. Nimekubali. Kuimba naendelea. Wimbo wa mama hajauchukua, kwa sababu bila kuitoa Kamwene anasema hautauzika Dar, na mimi nimesema basi ubaki Ilula.

Hela iliingia juzi. Godoro na sanduku vimepatikana. Sare nashona mwenyewe. Michango bado, nitaimba Mafinga Jumamosi mbili zijazo.

Mtafutaji 255, nakushukuru na wewe, maana nilipokuwa nabishana bei nilikuwa nayakumbuka maneno yako kuhusu mtoto, ndiyo yaliyonifanya nisivunje mazungumzo kwa hasira.

Mzee wangu wa Nzovwe, nina ombi. Mwisho wa mwezi nakuja Mbeya kwa prodyuza wa Mafiati kurekodi wimbo wa mama. Ule ubeti wa tatu wa wimbo wako wa treni, uliokatwa kwa sababu ya upande A, bado unaukumbuka?

---

Gitaa la Zamani

Binti yangu, marahaba. Naukumbuka wote. Ni mistari minane. Msichana anashuka Kapiri Mposhi asubuhi, anaangalia reli inakoishia, hakuna anayemngoja, anamuuliza mtu wa stesheni treni ya kurudi Mbeya inaondoka siku gani. Sijawahi kuuimba mbele ya watu tangu 1997. Haukuwemo kwenye kaseti, kwa hiyo hata aliyenunua kila kitu huu hakuusikia.

Jana nimeuandika kwenye daftari jipya, nikaweka tarehe na sahihi. Mjukuu wangu ameupiga picha.

Ukifika shuka stendi ya Nane Nane, panda daladala za Kabwe, ukiwa Kabwe nipigie nije kukuchukua. Njoo na sweta, baridi ya Mbeya haina huruma na vidole vya mpiga gitaa. Langu lina nyuzi sita zote.